Mama Alisema Nimetulia

Harufu ndiyo iliyonipeleka hospitali. Nililoweka maharage ili niyapike jioni, nikayafunika kwa sinia, halafu nikakumbuka kuwa sindano za cherehani zimeisha. Nikatoka kwenda sokoni, na sokoni nikanunua nyanya. Maharage nilikutana nayo tena siku nzi walipoanza kunionyesha njia. Nilipofunua, povu la kijivu lilikuwa limepanda mpaka ukingoni, na funza wanatembea ndani yake kama wenye nyumba. Nilitapika palepale, kwenye karai la nguo nilizokuwa nimeloweka, ambazo nazo nilikuwa nimezisahau.

Nimejichoka. Nasema hivyo bila kutafuta huruma ya mtu. Mimi ni fundi cherehani hapa Nsemulwa, na chumba changu kinatia kinyaa: kikombe cha chai iliyoota ukungu, gauni la harusi lenye mkono mmoja, suruali ya mtu niliyoifumua tangu masika na sijui miguu yake iko wapi. Mtaani wananiita Fundi Kesho. Jina hilo linaniudhi kuliko matusi, kwa sababu kila fundi nchi hii anasema njoo kesho. Kwao ni ujanja. Mimi nikisema kesho, haki ya Mungu, namaanisha kesho. Naamka alfajiri nimeshika gauni la mteja, na jua likizama nimepanga vifungo kwa rangi, nimeanza kupaka ukuta chokaa nikaachia katikati, na gauni liko vilevile.

Ushauri nao umenikinaisha. Lala mapema. Acha simu. Kunywa maji ya limao. Kanisani walinikemea pepo wa usahaulifu mpaka mate ya mwombaji yakaniruka usoni, na nilipofika nyumbani nikagundua Biblia nimeiacha kulekule. Wengine wananiita mvivu. Ptuu! Mvivu anapumzika. Mimi sijui kupumzika kukoje.

Siku chache kabla ya maharage yale, redioni nilimsikia daktari akieleza ugonjwa wa kukosa umakini, kwamba mtu huzaliwa nao na wengine huzeeka nao bila kujua. Nilisimama kusikiliza vizuri. Pasi niliiacha juu ya shati la mteja, na shati likaungua.

Maharage yaliponitapisha nikaenda hospitali, na daktari wa akili niliyempata huko alikuwa kijana mpole, mzaliwa wa Kasulu. Alinisikiliza bila kutazama saa, akasema huenda ndio wenyewe. Lakini ili anipe rufaa ya Mbeya, ambako wangeweza kunianzishia dawa, lazima ajue nilikuwaje utotoni. Ukubwani mtu anaweza kuvurugwa na mambo mengi, alisema, ila huu huanza mapema.

"Mlete aliyekulea, dada."

Aliyenilea ni mama. Yuko Katumba, tulikozaliwa sisi watoto wa waliokimbia kutoka Burundi. Alikuja kwa bodaboda, amevaa kitenge kipya cha kwenda harusini, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Miaka ile tulipohojiwa ili tupewe uraia, mama alijifunza jambo moja: mtu wa ofisi akikuuliza habari za mwanao, mjibu kwa Kiswahili, mjibu kwa kifupi, na mtoto asiwe na doa.

"Shikamoo mama," daktari alisema. "Huyu binti utotoni alikuwaje?"

"Marahaba baba. Alikuwa ametulia."

"Na shuleni?"

"Ametulia. Hana kosa lolote. Hajawahi kugombana na serikali."

Nikaomba ruhusa, nikamtoa mama nje ya mlango.

"Mama, unanimaliza. Mwambie ukweli."

"Ukweli mbele ya serikali? Wakikuandika kichaa, hicho kitambulisho cha uraia watakuachia?"

"Huyu ni daktari, mama."

"Ana meza," alisema. "Ana muhuri."

Nilitaka kupiga kelele. Rufaa yangu, maisha yangu yote yaliyooza chini ya masinia, yalikuwa yamesimama kwenye mdomo wa mama, na yeye amekazana kunisafisha. Mwishowe nikamwambia aseme kwa Kirundi, mimi nitamtafsiria daktari. Akafikiri, akakubali. Nadhani moyoni mwake kitu kilichosemwa kwa Kirundi hakihesabiki kuwa kimesemwa ofisini.

Tukarudi ndani. Akakaa, akashika fundo la kitenge chake kiunoni, akaanza. Nilisikia maneno mawili ya kwanza, mwana wanje, yaani mwanangu. Halafu nikaona dirishani mjusi anamnyemelea nzi. Nzi yule alikuwa na mgongo wa kijani, nikakumbuka uzi wa kijani niliotumwa na mteja, nikajiuliza niliuweka wapi, na kama nilifunga mlango nilipotoka.

"Dada," daktari aliniita. "Mama amesema nini?"

Mama alikuwa analia. Alikuwa amesema kila kitu, baada ya miaka yote ile, na mimi nilikuwa kwa nzi. Hakuna funza aliyewahi kunitia kinyaa kama nilivyojitia mwenyewe pale kwenye kiti.

"Mama, rudia kidogo," nikasema.

Akatikisa kichwa.

Daktari akavuta karatasi, akaanza kuandika rufaa. Nilikuwa nimesahau kwamba watu wa Kasulu ni Waha, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Alikuwa ameelewa neno kwa neno.

"Nilitaka kuona kama umesikia," alisema bila kuinua macho.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

Akaweka kalamu chini.

"Kwamba akienda shamba alikuwa anakufunga kwa kitenge kwenye mguu wa kitanda, usije ukapotelea porini. Hukuwa unalia. Ulikuwa unachezea fundo. Na mpaka leo, kila akijifunga kitenge kiunoni, anajionea kinyaa."