Kipande cha Tatu

Ninyi mnaosema Kiingereza ni lugha tu kama lugha nyingine, hamkuwahi kukaa mezani na baba yangu pale Nkuhungu, chupa ya dawa ya ng'ombe katikati yenu.

Baba alikuwa mhudumu wa josho huko Bahi, akiogesha mifugo kwa dawa ya kupe. Serikali ilipopunguza watu, naye akapunguzwa. Siku hizo watu binafsi walikuwa wameanza kuruhusiwa kuuza dawa za mifugo, mradi usimame mbele ya wakaguzi usome majina yake ya Kiingereza kama yalivyoandikwa kwenye chupa. Akikosa kibali, tunarudi kijijini na shule yangu inaishia kidato cha pili. Dawa alizijua kwa harufu, jamani! Majina ndiyo yaliyomshinda.

Kila nikitoka shule: "Mama, njoo unikatie neno."

Mama ndiye mimi, binti yake. Nakata kwa penseli: oxy, tetra, cycl, ine. Yeye anagonga meza kwa kidole gumba. Oksi. Tetra. Halafu kimya. Jasho linamtoka, na mama yangu mzazi ananikazia jicho kutoka mlangoni. Kwetu mtoto hamwachi baba yake akwame mbele yake, ni kumvunjia heshima. Basi namtupia: "Saikli." Anadakia, "Saiklini!" na kucheka kwa raha. Wiki nzima hivyo hivyo. Wenzangu wanacheza rede nje, mimi nimebanwa pale mezani, nimechoka, nina hasira, na najua kabisa kwamba hajui. Kumwambia? Ningeanzia wapi?

Siku ya usaili nilimsindikiza mjini, nikakaa kwenye benchi chini ya dirisha la ofisi. Nikamsikia akisalimia. Akapewa chupa.

"Oksi." Kidole kikagonga meza. "Tetra." Kikagonga tena.

Kimya. Mungu wangu, kimya kile! Neno ninalo mdomoni, linanichoma. Nikainuka. Mlinzi akanitolea macho, nikakaa. Ndani mtu akakohoa, kisha akasema, "Asante mzee, inatosha."

Alitoka koti likiwa begani. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Tulitembea mpaka tukavuka reli. Hapo akasema taratibu, kama mtu anayeomba radhi:

"Pale pa tatu, mama, nilikuwa nakusubiri wewe."