Nilimfunga Mke Wangu Mguu kwa Mbao

Mke wangu anachechemea, na watu wa mtaani wanadhani ni ajali. Ajali ilikuwepo, ndiyo, lakini mfupa ulipona. Kinachomchechemesha mpaka leo ni mimi, na sijawahi kumwambia mtu kama ninavyowaambia ninyi.

Nisiwafiche, mimi si mtu wa kubahatisha. Shule niliacha darasa la nne. Nimebeba mbao kichwani kwenye mashamba ya watu mpaka shingo ikazama mabegani, na leo nina yadi yangu ya mbao hapa Makambako na malori mawili ya Fuso. Waliosoma wanakuja kuniomba kazi. Kwa hiyo nilizoea kwamba nikishakitazama kitu, nimekijua. Ujuaji huo ndio ulioniponza.

Mke wangu, mama Neema, ana kinyungu chake bondeni, yaani bustani ya kule chini kwenye unyevu. Anapanda kabichi, chainizi, na mahindi ya kuchoma wakati wenzake hawana. Kinyungu kile ni fahari yake, mimi siingii. Mteremko wake ni mkali. Asubuhi moja ya ukungu aliteleza, kifundo cha mguu kikavunjika.

Hospitali kule Njombe wakamfunga P.O.P., ile plasta ngumu. Ilipotolewa, picha ikaonyesha mfupa umeunga vizuri. Lakini mguu ulikuwa mwembamba kama mpini na kifundo hakikunjiki. Daktari akasema aende chumba cha mazoezi tiba kila wiki.

Nikauliza atapewa dawa gani. Hakuna. Sindano? Hakuna.

"Kifundo kitachezeshwa, baba, mpaka kilegee," akasema.

Toka lini mtu akapona kwa kuchezeshwa? Kwenye biashara, mtu akikuuzia kitu usichokiona, shika mfuko wako.

Halafu mchezeshaji mwenyewe ni kijana wa kiume.

Nikaanza kuchunguza. Siku ya kwenda Njombe, mama Neema anaamka mapema, anasugua miguu kwa jiwe, anapaka mafuta. Nikamuuliza, tangu lini mtu anapaka mafuta miguu kwa ajili ya hospitali?

"Ulitaka nimpelekee mtoto wa watu magaga?" akajibu, huku anacheka.

Kile kicheko sikukipenda.

Siku nyingine nikamkuta kitandani amenyoosha mguu, kidole gumba kinachora hewani, taratibu, ulimi ameung'ata kama mtoto wa shule.

"Unafanya nini?"

"Naandika herufi. Kijana kasema niandike zote kwa mguu, kifundo kizunguke pande zote."

"Unamwandikia nani?"

"Baba Neema, ni A, B, Ch. Unataka nikusomee?"

Mimi mtu wa darasa la nne nikaona nimetukanwa. Moyoni nikasema, subiri.

Wiki iliyofuata nilimwambia naenda Igwachanya kuangalia miti ya milingoti ya kununua. Nikageuza, nikamfuata Njombe. Mlango wa kile chumba ulikuwa wazi. Mzee mmoja aliyepooza upande alikuwa anafundishwa kunyanyuka kwenye kiti. Mama mmoja amempakata mtoto mwenye nyayo zilizogeukia ndani. Na mke wangu amekaa kwenye benchi, kisigino chake kimo mkononi mwa yule kijana, macho ameyafumba.

Macho ameyafumba. Hilo ndilo nililoliona. Machozi yaliyokuwa yanamtoka sikuyaona, maana sikuwa nimekwenda kutafuta machozi.

"Kamwene, baba, karibu ukae," kijana akanisalimu kwa Kibena bila kuuachia mguu.

"Nikae nini? Umesomea kushika wake za watu?"

Yule mzee wa kiti akasema, "Mwanangu, hata mimi ananishika." Mtu mmoja akacheka. Nikamwinua mke wangu, nikamtoa nje kama mtu anayeondoa mali yake mnadani.

Sasa sikieni ujinga wa mtu wa mbao. Mbao mbichi ukiiachia huru inajipinda. Unaipanga, unaikandamiza kwa uzito, unakaza kamba, unaiacha itulie mpaka ikauke. Ukiichezesha kabla ya wakati umeiharibu. Nikasema mguu nao ni hivyo hivyo, na hawa wa hospitali wanauchezesha usipone ili mtu aendelee kwenda. Nusu niliamini. Nusu ilikuwa wivu tu, umepakwa rangi ya ufundi.

Nikapasua vipande viwili vya mpaini, nikavipiga randa, nikaweka kitambaa ndani visimchubue. Nikamfunga kuanzia kwenye unyayo mpaka chini ya goti kwa mipira ya kufungia mizigo.

"Kijana alisema usipokunjwa utaganda," akaniambia.

"Huyo kijana ameoa?"

"Sijamuuliza."

"Unaona? Hujamuuliza kwa sababu unajua."

Akachoka kubishana. Alikaa na zile mbao msimu mzima wa baridi. Nilipozifungua mguu ulikuwa umenyooka, nami nikatamba yadini kwamba nimemtibu mke wangu mwenyewe bila kubembeleza mtu. Kweli ulinyooka. Ulinyooka na kukataa kukunjika. Akawa hawezi kuchuchumaa jikoni wala kushuka bondeni. Kinyungu kikaota magugu. Mimi nikasema anadeka.

Ndipo mama yake akafariki, kule Lupembe.

Makaburi ya kwao yako chini kabisa, unashuka kati ya mashamba ya chai, njia nyembamba na mvua ilikuwa imenyesha. Mama Neema ndiye mtoto wa kwanza, alitakiwa atangulie kutia udongo. Akajaribu. Kifundo hakikukubali mteremko, akaenda hatua chache akakaa chini, gauni lote tope.

Mdogo wake wa kiume akarudi, akainama mbele yake. "Dada, panda mgongoni."

"Siendi kumzika mama nikiwa nimebebwa."

Akachota udongo pale pale alipokaa, akautia kwenye kiganja cha mdogo wake, akamfunga vidole. "Mtilie. Mwambie ni wa kwangu."

Mdogo wake akashuka na ngumi imefumbwa. Kabla hajashuka alinigeukia. "Shemeji, si ulituambia ulimponya?"

Baada ya matanga nilimrudisha Njombe mwenyewe. Yule kijana wa mazoezi alinikumbuka, nikaona kwenye uso wake. Hakunitukana, ila hakunichekea pia.

"Ulimchukua akiwa ameanza kukunja," akasema. "Mfupa ukishaunga, kifundo kinataka mwendo. Kikikaa bila mwendo kinakakamaa, na kano ya nyuma ya kisigino inajivuta. Tutaanza upya, lakini siahidi kwamba mguu utarudi wote."

Nikakaa kwenye benchi nikaangalia mikono yake. Nakiri, nilikuwa bado namvizia. Nilichokiona ni mke wangu ameegemea ukuta, anasukuma goti mbele, kisigino kisinyanyuke, jasho linamtoka. Hakukuwa na raha yoyote mle ndani ya kumwonea mtu wivu.

Kisha kijana akaniita. "Baba, njoo nikuonyeshe namna ya kushika. Nyumbani utamsaidia."

Nikanyanyuka. Nilifurahi, nitasema uongo nikikataa. Nikanyoosha mikono.

Mama Neema akauvuta mguu wake. "Hapana," akamwambia kijana, si mimi. "Nitafanya mwenyewe."

Sasa anaendelea, polepole. Juzi ameshuka nusu ya bonde kwa fimbo. Mazoezi anayafanya chumbani na mlango ameufunga. Namsikia anavuta pumzi kwa maumivu, nami niko barazani na mikono hii iliyobeba magogo, haina kazi. Nikibisha hodi ananiambia yuko salama.

Ndugu yangu unayesoma, hasa wewe uliyejijenga mwenyewe kama mimi na kuona kila mtu anakuibia: mkeo akiambiwa mguu unataka mazoezi, mpeleke, kaa kwenye benchi, uliza usichokielewa. Kama una wivu, kaa nao wewe. Usiufunge kwenye mguu wake.