Kata ya Kwanza ni ya Kichaka

Ninyi mliokulia Kitangari enzi za ndoo kichwani mtanielewa. Maji tuliyafuata bondeni, tukapanda nayo mlima shingo zikiuma, halafu uso unanawa kwa kikombe kimoja. Ukijimwagia zaidi, kofi hilo! Wanangu leo wanaoga mpaka ukuta unatoka jasho, na bado wananuna wakikosa maji ya moto. Haya bwana.

Lakini hata sisi hatukunywa kwanza. Kata ya kwanza ya maji ilikuwa ya kichaka cha nyuma ya nyumba. Bibi yetu mzaa baba alizaliwa kando ya Ruvuma, na alipoolewa kule juu Kitangari alikuja na mche wake kutoka kisiwa kimoja mle mtoni. Alisema hakioti penginepo duniani. Majani yake ya kijivu yalinukia udongo uliolowa, hata kiangazi, na upepo ukitikisa mikorosho yote, chenyewe kimetulia tuli. Kila aliyekimwagia maji alikiamkia, "Shikamoo." Mimi nilikuwa natimua mbio kabla hakijaitikia.

Kiangazi kimoja mama alichoka. "Watoto wangu walale na kiu kwa sababu ya majani? Sitaki!" Akakinyima. Asubuhi yake mdogo wangu Somoe akaamka midomo imepasuka. Alikunywa maji yote ya mtungini, tumbo likamvimba, huku analia, "Mama, kiu." Bibi hakugombana na mtu. Aliomba maji kwa jirani, akazunguka nyuma ya nyumba, akayamwaga shinani. Kule ndani Somoe akanyamaza, akajifuta mdomo. "Basi, imekata," akasema. Mama hakukinyima tena.

Bibi alipofariki, kata akaishika Somoe. Mafuriko yalishakizoa kile kisiwa, kwa hiyo kimebaki kichaka hicho kimoja tu. Wachumba waliotaka kumpeleka mbali aliwakataa wote. Mimi niliolewa huku Lisekese, Masasi, na nikiwasimulia wanangu habari hizi wanacheka, eti mama ana ushamba.

Leo asubuhi binti yangu mdogo ameamka midomo imepasuka. Jagi amelimaliza, sasa kainamia bomba, anakunywa na kulia, "Mama, kiu." Nampigia Somoe kule Kitangari, simu inaita tu. Zamani tulikuwa na kata moja ya maji, na Bibi alijua pa kuimwaga. Leo bomba liko ndani ya nyumba, nimelifungulia lote, na mwanangu bado ana kiu.