Vibuyu Tisa Kwenye Karakana

Katika kisa hiki mjinga alikuwa yeye. Nery Bentancor analisema hilo mwenyewe, bila kulazimishwa, huku akikwangua barafu kwenye kioo cha greda lake. "Andika hivyo hivyo," anasema. "Mjinga wa Paso del Ceibo, miaka hamsini na minne, kilo mia moja na nne. Akitokea mwingine, watu wapate wa kumlinganisha naye."

Ni saa moja asubuhi, mwezi wa saba, ambao huku kusini ya mbali ni kipupwe, na baridi imekausha nyasi mpaka zinavunjika chini ya buti. Katika karakana ya manispaa, wenzake wanane wa kazi ya barabara wamezunguka jiko la kuni. Kila mmoja ameshika kibuyu chake cha chai chungu, mrija wake wa chuma, na chupa yake ya maji ya moto kwapani. Unasikia mirija tu ikikoroma.

Haikuwa hivi zamani. Kwa miaka kumi na tisa ambayo Nery amechonga barabara za vumbi hapa, kibuyu kilikuwa kimoja na mrija mmoja. Aliyemimina ni msimamizi, Mzee Dardo Pintos. Cha kwanza anakinywa mwenyewe, maana ndicho kichungu kuliko vyote. Kisha anajaza, anampa huyu, kinarudi, anajaza, anampa yule. Hapo ndipo watu walipotaniana, wakasutana, wakapatana tena kabla maji hayajaisha.

Mwezi wa tatu, Aníbal alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa fundi viatu, na aliishi na Nery miaka ishirini na miwili. Karakanani walimjua kama "yule jamaa anayepanga kwa Nery." Lakini fomu mpya ya serikali ya likizo ya msiba ina nafasi ya mwenzi, awe mwanamume au mwanamke. Nery alishika kalamu kwa muda mrefu, kisha akaandika jina la Aníbal.

"Siku tatu nilipewa papo hapo," anasema. "Hawakuniuliza hata swali moja. Nilitamani waniulize. Sikuwa na mtu wa kumsimulia."

Siku ya nne alirudi, habari ya fomu imeshamtangulia karakanani, akaketi mahali pake. Kibuyu kikatoka kwa Dardo, kikaenda kwa jirani yake wa kushoto, kikarudi, kikaenda kwa wa kulia. Hakuna aliyemtukana. Walimwachia hata kiti chake karibu na moto. Kibuyu tu ndicho kilichomruka, asubuhi ile na kila asubuhi kwa miezi mitatu.

Nyumbani, jioni, alikunywa mbele ya kiti cha Aníbal. Mkono wake ulishazoea kujaza mara mbili, kwa hiyo cha pili alikinywa pia. "Ndiyo maana ya hizi kilo," anasema, akijipiga tumbo. Hacheki sana.

Ndipo akaja Bi Maite Larrosa, afisa wa serikali wa kupambana na ubaguzi, na mabango yake, fomu zake, na semina ya saa mbili. Wanaume tisa walisaini kwamba wameelewa. Baadaye akamwita Nery pembeni.

"Wamekutukana?"

"Hapana."

"Wamekutishia? Wamekunyima kazi?"

"Hapana, mama. Wameninyima kibuyu."

Bi Maite naye kazaliwa mji mdogo kama huu. Hakucheka. "Unataka nifanye nini?"

"Nikamwambia atoe amri kibuyu kinifikie na mimi," anasema Nery. "Ujinga wangu ulikomaa hapo."

Amri ilishuka kutoka makao makuu baada ya wiki moja, ina mihuri miwili. Ili kuondoa ubaguzi katika unywaji wa chai kazini, kila mfanyakazi atatumia kibuyu chake mwenyewe. Kibuyu cha Dardo kikapanda juu ya kabati.

"Siwezi kusema serikali haijanisikia," anasema Nery. "Nilikuwa mpweke peke yangu. Sasa tuko tisa."

Bi Maite anarudi Jumanne. Nery amemwandikia barua ya mistari minne kuomba amri ifutwe, ila bila saini ya msimamizi haitasomwa. Anaingia nayo karakanani, anampa Dardo.

Dardo anavaa miwani, anasoma, anamnyooshea aichukue.

"Semina nimekaa, Mnene. Karatasi yao nimesaini. Unataka nini tena? Tangu nikiwa kijana nakunywa na wenzangu. Leo nanyonya mrija peke yangu kwenye kona kama mjane, kwa ajili yako."

Wengine wanatazama moto. Mrija mmoja unakoroma, unanyamaza.

Nery haichukui barua. Anachomoa kalamu mfukoni, anaiweka juu ya barua mkononi mwa Dardo.

"Wewe mjane wa wiki tatu, Mzee Dardo," anasema. "Mimi ni wa miezi minne, na mitatu kati ya hiyo nimeikaa hapa nikikutazama ukimimina."