Kichwa Changu Kilipofunguliwa Bombay

Mimi shule sikuiona ila chuo cha Kurani, na hicho nacho nilikitoroka. Lakini katika miaka ya hamsini, kutoka Diani mpaka Vanga, mwenye kutaka mbata zake, zile nazi zilizokaushwa, zifike Mombasa alinitafuta mimi. Nilianza kwa kubeba nazi za watu mabegani, nikaishia na lori zangu mwenyewe na nyumba ya mawe Msambweni ambayo hakuna aliyenisaidia hata jiwe moja. Nayasema haya mjue aliyeogopa alikuwa mtu wa namna gani.

Hofu ilianzia kwenye sinia la wali. Tulikuwa harusini, wanaume tumelizunguka sinia, nikakata tonge, na kabla halijafika mdomoni likaniponyoka likaanguka mkekani. Nikakata jingine, nalo vilevile.

"Mwenzetu siku hizi anafuga paka," akasema shemeji yangu, kaka wa mke wangu. "Kila tonge sadaka!"

Watu wakacheka, nami nikacheka kuwashinda wote. Huku chini nilikuwa nikivikanda vidole vya mkono wa kulia, na vidole vile havikuwa vyangu.

Walioniuliza hali niliwajibu, "Sijambo, alhamdulillahi." Kwetu ndivyo mtu anavyojibu hata akiwa hoi kwa homa: kwanza uzima na shukrani, maradhi baadaye, tena kwa sauti ya chini. Mimi hiyo ya baadaye sikuifikia kamwe. Kisha siku moja Kikoneni, tukipakia mbata, nilianguka kando ya lori nikitetemeka mwili mzima, povu mdomoni. Nilipozinduka nilikuta nimejikojolea mbele ya makuli wangu.

Wengine walisema ni pepo. Daktari wa Msambweni alinimulika machoni kwa kurunzi ndogo, akanipeleka Mombasa. Huko nikaambiwa kuna uvimbe ndani ya ubongo, na mafundi wa kupasua kichwa hawako karibu. Wako Bombay.

"Kichwa kikishapasuliwa hufungwaje?" mke wangu akaniuliza.

"Wanajua wenyewe."

"Mume wangu, wewe umevunja nazi maisha yako yote. Umewahi kuona moja iliyofungika?"

Maneno yale yalinikata maini. Lakini ni yeye aliyefunga masanduku, na tukasafiri pamoja. Melini nilitapika njia nzima, na kila abiria nilimwambia naenda India kwa biashara.

Katika hospitali ya Bombay daktari hakuwa na neno hata moja la Kiswahili. Ila palikuwa na muuguzi, binti wa Kihindi aliyezaliwa Mombasa, ambaye Kiswahili chake kilikuwa chetu kabisa. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba kichwa kitatiwa ganzi tu, sitalazwa usingizi.

"Utakuwa macho, Bwana. Uvimbe uko karibu na mahali panapoendesha mkono. Daktari hapaoni mpaka wewe umwambie. Mkono ukibadilika hata kidogo, sema papo hapo, asije akakata pasipokatwa."

"Mwanangu, unaniona mimi mtu wa kuogopa kusema?"

"Nawajua watu wa kwetu," akasema. "Nataka ukweli, sitaki adabu."

Wakaninyoa, wakanilaza ubavu, wakanifunika shuka. Nikasikia kichwa changu kikitobolewa. Hakikuuma, lakini sauti ile ilikuwa ndani yangu, kama mtu anayekuna nazi na mimi ndiye kifuu. Nikasoma sura zote nilizozijua, na kwa vile nilitoroka chuo, ziliisha upesi.

Muuguzi alikuwa amechutama karibu na uso wangu. "Hujambo, Bwana?"

"Sijambo."

"Habari ya mkono?"

"Njema, alhamdulillahi."

Akamfasiria daktari, kazi ikaendelea. Ndipo kidole changu cha mwisho kilipoondoka. Sisemi kiliuma, kiliondoka. Kikafuata cha pili yake.

"Habari ya mkono?"

Wallahi nilitaka kusema. Lakini mdomo ulikuwa na njia yake ya siku zote, na hofu ilipoushika ulikimbilia njia hiyohiyo. "Njema," nikasema. Nikasikia chuma kikigongana na chuma. Mkono wote ukatoweka mpaka begani. Nikawaza kwamba ulimi utafuata, nami nitakufa nikijibu vizuri.

"Bwana, hatuko barazani hapa," akasema yule binti. "Kunja ngumi."

"Sina!" nikapiga ukelele. "Sina mkono! Mwambie aache! Mama yangu, mwambie, mkono umekwenda!"

Binti yule ningeweza kumzaa, nami namwita mama.

Vyuma vikanyamaza.

Baadaye daktari alinieleza kupitia kwake. Ametoa sehemu kubwa ya uvimbe, lakini kipande kimoja kimeng'ang'ania mahali pa mkono, na hakuthubutu kukigusa. Kama kitalala au kitakua, hajui. Mpaka leo kichwa kikiniuma hata kwa jua tu, mimi huketi chini na kukifikiria kipande hicho. Na mkono je? Huenda ukarudi, alisema. Huenda.

Mke wangu alikaa kitandani upande wa kulia, akaingiza mkono wake chini ya shuka, ulipokuwa wangu, nisione.

"Nimeshika kidole kipi?"

"Gumba."

"Sijashika kitu bado," akasema polepole. "Sasa je?"

Nikafumba macho nikautafuta mkono wangu kama mtu anayepapasa chumba kisicho chake. Niliogopa kuliko siku ya kupasuliwa.

"Sijui," nikasema.

Akafinya, safari hii kwa kucha. Mbali sana, kama kishindo cha nyumba ya jirani, nikahisi kitu.

"Kidole cha shahada?"

Akaitika kwa kichwa, machozi yakimtoka. Kisha akahamia kidole kingine, nami nikaanza kuogopa upya.