Joto la Wageni
Ukimfumania Kalolaine nyumbani kwake Oamaru, kusini mwa Nyuzilandi, mwezi Julai baridi ikiwa kali, utamkuta na masweta matatu, soksi za marehemu mumewe na blanketi begani. Ukibisha hodi kwanza, hayo yote huyaoni. Utafunguliwa na mama mnene, nadhifu, aliyevaa kama anakwenda kanisani, na sebule itakuwa na joto zuri. Sisi Watonga wa visiwa vya Pasifiki ndivyo tulivyo, ila Kalolaine amezidi.

Zamani alikuwa na jiko la kuni. Kuni aliletewa bure na kaka yake, moshi ukaenda kwa majirani, yeye akaota moto. Kisha watu wa mazingira wakapiga marufuku moshi, wakaja wakaziba bomba, wakamfungia ukutani mashine ya joto ya umeme. Hewa ya mji imekuwa safi, sikatai. Lakini mashine inakula umeme, na pensheni ya mama aliyestaafu machinjioni haiwezi kuilisha. Basi Kalolaine akaiweka iwe ya wageni, pamoja na vikombe vizuri. Kuta zikaota ukungu. Mjukuu wake Siale, wa miaka minne, kila akilala pale anaamka kifua kinapiga filimbi, mpaka mama yake akasema basi, mtoto halali tena kwa bibi mpaka nyumba ipate joto. Kalolaine alikubali bila ubishi, kisha akaenda jikoni akalia.

Ndipo ikasikika kuwa watu wa ustawi wa jamii wanatafuta nyumba zenye baridi, wazijaze sufu ya kuzuia baridi darini na chini ya sakafu, na kuwapunguzia wenyewe bei ya umeme. Afisa angekuja kwa Kalolaine Jumanne kupima joto la nyumba.

"Shangazi," akasema mpwa wake, 'Ilaisaane, "hiyo mashine usiiguse. Mwache ajionee."

"Nimesikia."

"Nakujua wewe! Nipe rimoti niondoke nayo."

"Hebu nitokee hapa! Mimi mtoto mdogo?"

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, mashine ilikuwa inanguruma.

Afisa, dada mwembamba aitwaye Heather, alivua koti mwenyewe bila kuambiwa. Kipimajoto chake kikaonyesha nyuzi ishirini na mbili.

"Bibi, huwa unasikia baridi humu ndani?"

"Baridi ya nini, mwanangu? Wewe kula." Akamsogezea sahani ya nyama iliyopikwa kwa tui ndani ya majani ya magimbi.

Heather akala, akashukuru, akajaza fomu na kumsomea: nyumba ina joto la kutosha, haihitaji msaada. Akaaga.

Kalolaine akaizima mashine. Alisimama katikati ya sebule, fomu ile ikimrudia kichwani neno kwa neno, akaelewa kwamba amemfungia mlango mjukuu wake kwa mikono yake mwenyewe. Akatoka mbio na ndala juu ya nyasi zilizoganda, mama wa miaka sabini na moja, akagonga kioo cha gari.

"Mwanangu, nimekudanganya. Lile joto lilikuwa lako wewe. Mimi silali nalo wala siamki nalo. Rudi kesho. Na uje na koti."

Kesho yake Heather akaja. Kalolaine aliikalia rimoti, maana mkono wake haukuwa wa kuaminika. Kipimajoto kikaonyesha nyuzi tisa. Afisa alikunywa chai na glavu zake mkononi, pumzi yake ikionekana, na Kalolaine akamtazama huku machozi yakimtoka kwa aibu, kwa sababu tangu azaliwe hakuwahi kumkalisha mgeni kwenye baridi. Mara mbili aliinuka. Mara mbili akalitaja jina la Siale kwa sauti ndogo, akakaa tena.