Siku Waseme Alipoacha Kubweka

Enzi nikiwa mtoto, mgeni aliyefika nyumbani kwetu Mogitu hakuwa na haja ya kupiga hodi. Waseme alikuwa ameshampigia. Waseme alikuwa mbwa wetu, wa rangi ya majivu, sikio moja limechanika. Jina hilo alipewa na Bibi kwa ajili ya majirani fulani ambao sitawataja hata leo, maana baadhi yao bado wapo.

Tulizoea kumsikiliza kama wenzetu walivyosikiliza redio. Mwenye baiskeli alibwekewa haraka haraka, mbwa akilikimbilia gurudumu la nyuma. Wafugaji waliopanda kutoka tambarare na fimbo zao ndefu aliwabwekea akiwa amejificha nyuma ya zizi, mkia ameubana katikati ya miguu, kwa sababu aliwahi kuionja fimbo mojawapo na hakuisahau. Katekista alibwekewa mara moja tu, basi. Mama akiwa jikoni alisikiliza kidogo, kisha akaniambia, "Neema, ongeza maji kwenye sufuria, huyo anatoka mbali." Alikosea mara chache sana.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa na elimu zaidi ya mambo hayo. Aliamini kwamba mbwa huona wageni wa aina mbili: wanaokuja kwa miguu yao, na wale wasioonekana, yaani maradhi na misiba inayozunguka kutafuta nyumba ya kuingia. Kazi ya mbwa ni kuwabwekea wote. Siku mbwa akimchangamkia mtu asiyemjua, ujue mgeni mwingine ameshaingia ndani, naye ameshindwa kumzuia. Sisi watoto tulicheka chini chini. Nani alishaona msiba ukibwekewa?

Ilikuwa asubuhi, msimu wa palizi. Baba alikuwa Basotu kwenye mashamba ya ngano, alikokuwa dereva wa trekta. Mama alitoka nje kumwaga maji, akamkuta mnunuzi wa kuku amesimama mlangoni. Hatukuwa tumesikia chochote. Waseme alikuwa miguuni pa yule mtu, anamlamba viatu.

"Mbwa wenu siku hizi ana adabu," yule bwana alisema, na Mama akacheka naye.

Bibi aliacha kupepeta mahindi. Alimtazama mbwa kwa muda mrefu, kisha akamwambia mgeni, kwa upole kabisa, arudi alikotoka na asimguse mnyama yule. Hakuuziwa kuku hata mmoja. Mama alinuna mpaka jioni, na mimi niliona aibu kwa niaba ya nyumba nzima.

Kesho yake Waseme alitubwekea sisi. Sauti yake ilikuwa imekauka, kama ya mtu aliyelia usiku kucha. Mdogo wangu Daudi, ambaye alikuwa hajaanza shule, alimpelekea makombo kama kawaida. Mbwa alikuwa amejikunyata chini ya ghala anatetemeka, akimwangalia Daudi kama mtu ambaye hajawahi kumwona. Kisha alimrukia, akamng'ata mguuni. Bibi ndiye aliyekuwa karibu. Alimkaba Waseme shingo kwa mikono yake miwili mpaka mtoto akaponyoka, akamfunga kamba kwenye nguzo ya ghala. Jirani yetu Baba Safari alikuja na rungu. Sikutazama, lakini nilisikia.

Kwetu Wairaqw wa zamani, nyumba iliyoingiliwa na jambo zito ilijitenga. Hamwendi mnadani, hamchoti maji pamoja na wengine, hampeani mikono na mtu, ili jambo lenu lisiwafuate majirani. Haikuwa adhabu; ilikuwa ustaarabu, na watu waliuheshimu. Bibi alikata tawi bichi akalilaza kwenye njia ya kuingilia kwetu. Aliyeliona kutoka nje aligeuka, na sisi wa ndani hatukutakiwa kulivuka.

Mama alikuwa ameshaosha kidonda cha Daudi kwa sabuni na maji mengi, akirudia na kurudia, huku mtoto akipiga kelele. Alipomaliza alimwendea Bibi. Mama hakuwa na tabia ya kubishana na mkwewe, na nilimwona anavyoikunja kanga yake mikononi.

"Mama, huyu mtoto lazima afike hospitali Katesh."

"Hatoki mtu hapa. Unataka kuwapelekea wenzako kitu kilichotuingilia?"

"Kwetu Basotu niliona mtoto wa jirani. Aling'atwa na mbwa, kidonda kikapona, watu wakasahau. Baadaye akaanza kuogopa maji. Alikufa na kiu, Mama, na kikombe kiko pale mbele yake."

"Aliyewaambia kuna mgeni ni nani?" Bibi aliuliza. "Si mimi? Mlinicheka. Sasa namna ya kumzuia mnanifundisha nyie?"

Na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Alikuwa amesema kweli. Kati yetu sote, yeye peke yake aliona ugonjwa siku ile mbwa alipotikisa mkia, na mtu aliyeona kweli mara moja ni vigumu kumwambia kwamba mara ya pili amekosea.

Mama alimfunga Daudi mgongoni. Alipofika kwenye tawi aligeuka. "Na wewe umekwaruzwa mkono, Mama. Twende wote."

Bibi aliuingiza mkono ndani ya shuka lake. "Hii ni kamba tu. Nikitoka mimi, atabaki nani?"

Mama akavuka. Nilibaki nimesimama upande wa Bibi, nikisubiri ardhi ipasuke. Haikupasuka. Bibi alirudi kwenye ungo wake.

Daudi alichomwa sindano, na Mama akawa anampeleka Katesh kila walipotakiwa kurudi. Siku hizo Bibi alikataa kula chakula alichopika Mama, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imevuka. Nilimpikia mimi, ugali wangu wenye madonge, na aliula bila kulalamika. Muda ulipotimia, alilitoa tawi, nyumba ikasafishwa, majirani wakaanza tena kupita. Nilidhani yamekwisha.

Mahindi yalikuwa yameanza kukauka shambani Bibi alipolalamika kwamba mkono unamwasha na koo linambana. Nilimpelekea maji kwenye kikombe cha bati. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mwanamke aliyemkaba mbwa mwenye kichaa kwa mikono mitupu alikiogopa kikombe changu. Tulimpeleka hospitali, lakini ugonjwa ule ukishafika hapo hauna dawa. Sipendi kusimulia zaidi ya hapo.

Kijijini walikuwa na maelezo yao. Mama alivuka tawi, akamfungulia yule mgeni njia; mgeni akarudi kumchukua aliyemfungia. Hakuna aliyemtukana Mama. Walimsalimia vizuri, wakamuuliza hali ya watoto, ila alipofika kisimani mazungumzo yalikatika, na alipoondoka yaliendelea. Baba alimuuliza mara moja tu, "Hukuweza kunisubiri?" Daudi alikuwa amesimama palepale, mzima wa afya, anatafuna muwa. Hakuna aliyemgeukia.

Leo ninaishi Katesh, nina mbwa wawili, na siku ya chanjo mimi ndiye wa kwanza kwenye foleni. Ninajua kwamba kichaa cha mbwa humgeuza mkali akawa mpole na mpole akawa mkali. Bibi hakuwa amebahatisha. Kwa miaka mingi niliwachukia wanakijiji kwa walivyomfanyia Mama, na kila nilipopata nafasi nilimtetea, hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza.

Hivi karibuni nilimtetea mbele yake mwenyewe. Tulikuwa tunachambua maharage kibarazani kwake, nikasema kwamba Bibi aliambiwa twende wote, akakataa, kwa hiyo hakuna wa kumlaumu.

"Nilimwambia mara moja," Mama akasema.

"Ndiyo, na akakataa."

"Bibi yako alikuwa hakubali neno la kwanza la mtu yeyote, Neema. Hata chai ilibidi umkaribishe mara ya pili, mara ya tatu. Niliishi naye miaka yote ile, nilimjua. Siku ile nilimwambia mara moja, nikavuka."

"Ulikuwa na haraka. Ulikuwa na mtoto mgongoni."

"Siku ile, sawa. Na siku nyingine zote nilizompeleka Daudi kuchomwa sindano? Nilimpita amekaa hapo mlangoni na mkono wake. Alikuwa amekataa chakula changu. Nilikuwa na hasira, mwanangu. Sikumwambia tena."

Aliendelea kuchambua maharage. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiwalaumu watu wa Mogitu kwa kuamini kwamba Mama alimuua Bibi. Sikujua kwamba yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa walioamini.